Redio ya Kadi: Mambo ya Kutizama Kabla ya Kutoa Pesa Yako



Siku hizi watu wengi husikiza muziki kwenye simu. Lakini si kila mtu ana simu ya kisasa, na hata mwenye nayo hawezi kumwachia bibi nyumbani kutwa nzima na yeye yuko kazini. Ndio maana vile vimashine vidogo vya kuchezea muziki bado vinapata wateja hapa Mombasa. Ukitoka Buxton ukashuka mjini utaviona madukani, na ukivuka daraja ukaenda Kongowea utaviona vile vile.

Viko vya namna mbili. Kuna vile vya mfukoni, visivyo na spika kubwa, ambavyo husikizwa kwa iafoni. Halafu kuna vile vyenye spika, vinavyoshika FM na kuwa na tundu la memori kadi na la flashi. Hivi vya pili watu huviita redio ya kadi, nasi tutaviita hivyo hivyo.

Kwa mama anayeuza mahamri au kijana wa kibarua, hii si pesa ndogo. Na madukani vyote vinang'aa. Je, utajuaje kipi kitadumu?

TULIKOTOKA

Kanda ya kaseti ililetwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963. Hapa kwetu kanda ndiyo iliyobeba taarab kwa miaka mingi. Mbwana Radio Service ya hapa Mombasa ilirekodi na kuuza kanda za waimbaji kama Juma Bhalo na Zein L'Abdin, na sauti zao zikafika Lamu, Unguja hadi Uarabuni.

Baadaye wataalamu wa Ujerumani walipata njia ya kuupunguza muziki ukae mahali padogo bila sikio la kawaida kuona tofauti kubwa. Njia hiyo ndiyo MP3, na jina hilo la faili lilichaguliwa mwaka 1995. Kimashine cha kwanza cha mfukoni kilichouzwa madukani, MPMan, kilitoka Korea Kusini mwaka 1998. Mwaka 2001 Apple wakatoa iPod, na mwezi wa Mei 2022 wakatangaza kwamba wanaacha kuitengeneza. Kwa hivyo matajiri wamehamia kwenye simu, lakini redio ya kadi bado ina kazi yake kwetu.

1. NI YA NANI?

Swali hili lije mbele ya bei.

Kama ni ya mzee ambaye macho yamepungua nguvu, tafuta vibonyezo vikubwa vinavyoweza kupapaswa kwa kidole. Kioo kidogo chenye maandishi hakitamsaidia. Kama ni ya kikundi cha akina mama kusikiza mafunzo, spika iwe ya kusikika chumba kizima, na sauti ya mtu anayesema isikike wazi. Spika nyingi za bei rahisi hupiga besi kubwa lakini maneno hayashikiki. Kwa hivyo ukijaribu dukani usikubali wimbo tu. Mwambie muuzaji akuwekee mtu anayezungumza.

Kama unaishi kwenye ghorofa, fikiria jirani pia. Nyumba za zamani za Buxton zilianza kubomolewa mwaka 2021 ili zijengwe ghorofa, na maisha ya ghorofa ni ya ukuta kwa ukuta. Hapo tundu la iafoni ni jambo la lazima.

2. KADI YA UKUBWA GANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapotoa pesa bure. Tufanye hesabu kidogo.

Muziki wa MP3 wa kiwango cha kawaida (128) hula kama MB 1 kwa kila dakika. Wimbo wa taarab wa dakika 12 utakula kama MB 12. GB 1 ni kama MB 1,000, yaani dakika 1,000, ambazo ni karibu saa 17. Ni sawa na kanda 17 za saa moja moja! Kadi ya GB 8 itabeba zaidi ya kanda 130. Ni nani kati yetu ana kanda 130 nyumbani?

Kwa hivyo usibabaishwe na kadi ya GB 128. Na kuna sababu nyingine. Kadi za mpaka GB 32 kwa kawaida hupangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, ambao redio hizi huusoma. Kadi kubwa kuliko hapo huja na mtindo mwingine, exFAT, na redio nyingi za bei ya chini hazitaiona kadi kabisa.

Jihadhari pia na kadi za uongo. Imeandikwa GB 64, kumbe ndani ni GB 4 tu. Mwanzo itafanya kazi vizuri, manake hujaijaza. Siku utakayopita ule ukubwa wake wa kweli, nyimbo zitaanza kuharibika. Njia ya kuitambua ni kuijaza kabisa kwa kompyuta, kisha ufungue faili za mwisho usikize. Zikikataa, irudishe dukani. Jaribio hili lifanye mapema, kabla risiti haijapotea.

3. BETRI NA CHAJI

Uliza: "Betri inatoka?" Redio ambayo betri yake imegandishwa ndani, ikifa betri na redio imekufa. Nyingi hutumia betri ya aina ya BL-5C, ile ya simu nyingi za zamani za Nokia. Hiyo ni bahati nzuri, manake inapatikana kila mahali na fundi yeyote anaijua.

Nguvu ya betri huandikwa kwa mAh. BL-5C ya kweli ni kama 1,000 hivi. Ukiona betri ya umbo hilo hilo imeandikwa 5,000, ujue unadanganywa. Kama redio inakula 100 kwa saa, betri ya 1,000 itakupa karibu saa 10. Ukifungulia sauti yote, saa zitapungua.

Tizama tundu la chaji. Likiwa sawa na la simu mliyo nayo nyumbani, hutanunua chaja nyingine, na siku stima zikipotea unaweza kutumia sola ndogo ya kuchajia simu. Chomeka waya na uutikise kidogo. Tundu likicheza, kataa.

Betri ikivimba, iondoe na usiichaji tena. Usiitoboe wala usiitupe motoni, itawaka. Na usiiache redio juani, kwenye dirisha au mbele ya gari. Joto huua betri.

4. INASOMA FAILI GANI?

Redio zote hizi husoma MP3. Nyingine nyingi hazisomi kitu kingine. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp si MP3, ni aina iitwayo Opus. Mtu akikutumia mafunzo au salamu kwa WhatsApp ukaziweka kwenye kadi, redio itanyamaza na utadhani imeharibika. Dawa ni kumwomba kijana mwenye kompyuta azigeuze kuwa MP3 kwanza.

Jambo jingine: redio nyingi hucheza faili kwa mpangilio zilivyonakiliwa, si kwa majina. Kama una masomo 10 yanayofuatana, nakili moja moja kuanzia la kwanza. Pia jaribu kuizima katikati ya wimbo kisha uiwashe. Je, inaendelea pale ilipoachia au inarudi mwanzo? Kwa muziki si kitu. Lakini kwa mzee anayesikiza hadithi ya saa nzima, kurudishwa mwanzo kila stima zikikatika ni mateso.

5. DUKANI

Mazungumzo yawe hivi:

"Mama, chukua hii, ni original kabisa."

"Sawa mwanangu, lakini nifungulie kwanza tuisikize. Na kadi yangu ninayo hapa."

Nenda na kadi yako yenye nyimbo na maneno, na iafoni yako. Jaribu FM ukiwa ndani ya duka na nje pia. Fungulia sauti mpaka juu kabisa: ikikwaruza, itakwaruza hata nyumbani. Muuzaji akikataa kukufungulia boksi, duka liko jingine. Usinunue mbuzi kwenye gunia.

Dai risiti yenye tarehe, na kama kuna garantii iandikwe hapo hapo. Si kumsumbua mtu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na pia habari anazohitaji ili bidhaa hiyo imfae.

Muuzaji anaweza kukwambia, "Nitakujazia nyimbo elfu moja, bure." Fikiria kidogo. Hizo nyimbo ni jasho la mtu, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwimbaji kama vile sheria inavyomlinda mwenye duka asiibiwe.

6. MASIKIO HAYANA SPEA

Vijana wetu, haya ni yenu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa. Lakini ikifika 90, saa zinashuka mpaka 4 tu kwa juma! Sikio lililoharibika kwa kelele halirudi.

Hutahitaji mashine ya kupimia. Usipite kama sehemu 6 kati ya 10 za sauti. Ukiwa umevaa iafoni, na mtu aliye karibu nawe akisema nawe humsikii, basi umezidisha. Na ukivuka barabara, zivue. Matatu haingoji wimbo uishe.

7. KANDA ZA ZAMANI: HARAKA!

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi kuna boksi la kanda chini ya kitanda. Humo mna sauti ya arusi ya mama, mawaidha ya babu, kwaya ya miaka ile. Nyingine hazikurekodiwa mahali pengine popote. Hewa yetu ya bahari ni ya unyevu na chumvi: kanda huota ukungu, utepe hunata, na mashine za kuzichezea zinazidi kuwa chache. Boksi lile likingoja miaka 10 mingine, huenda pasibaki cha kusikiza.

Fanya hivi:

- Tafuta redio kaseti nzima. Safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti.
- Unganisha kwa waya kutoka tundu la iafoni la redio kaseti mpaka tundu la kuingizia sauti la kompyuta.
- Tumia programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Kanda ya saa moja itachukua saa moja, hakuna njia ya mkato.
- Hifadhi kama MP3 na uandike jina, mahali na mwaka. Sauti isiyo na jina, wajukuu hawataitambua.
- Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Kadi ni ndogo kama ukucha na hupotea kirahisi.
- Usitupe kanda yenyewe. Iweke pakavu, penye kivuli.

Halafu mwekee bibi redio ya kadi karibu na kiti chake, aisikie tena sauti ya ndugu yake. Bei ya redio hiyo itakuwa imerudi.

KWA UFUPI

Jua ni ya nani. Kadi ya GB 8 mpaka 32 yatosha. Betri iwe ya kutoka. Jaribu kwa maneno, si kwa wimbo tu. Dai risiti. Linda masikio. Rahisi mara nyingi huwa ghali.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani asiyeweza kusoma au kuona vizuri, ambaye angefaidika na mafunzo ya kusikiza?
2. Tukichanga kwa pamoja, redio itakaa kwa nani, na nani atashika daftari la zamu?
3. Ni nyumba gani zina kanda za zamani? Ni kijana gani mwenye kompyuta anayeweza kutusaidia Jumamosi mbili tu?