Je, Wajua? Kuhara damu huweza kuenea nyumba nzima

Shigela, bakteria wanaosababisha kuhara damu, waligunduliwa mwaka 1897 na daktari Mjapani Kiyoshi Shiga. Bakteria 10 hadi 100 tu wakimezwa wanaweza kumwambukiza mtu. Ndiyo maana mgonjwa mmoja hutosha kuambukiza familia nzima.

Njia kuu ni mikono. Mlezi humsafisha mtoto anayeharisha, kisha hukata kachumbari bila kunawa kwa sabuni. Bakteria waliojificha chini ya kucha huingia kwenye chakula kisichopikwa. Komeo la choo, kata ya mtungini na taulo la pamoja huwapokeza wengine. Nzi nao hutoka chooni wakatua kwenye chakula kilichoachwa wazi.

Dalili huanza kwa kawaida baada ya siku 1 hadi 3: homa, msokoto wa tumbo na kinyesi chenye damu. Aliyepona anaweza kuendelea kutoa bakteria kwa wiki kadhaa.

Kinga ni kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya choo, baada ya kubadilisha nepi, na kabla ya kupika au kula. Mgonjwa asiwapikie wengine.