Kiazi cha Kinigi: pesa inabaki wapi?

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara mbili: kama viazi Rwanda vinaota karibu mwaka mzima, mbona mkulima analalamika bei ndogo na mama wa Kigali analalamika bei kubwa? Sasa nani anacheka? Baba yangu mdogo analima Musanze, na tangu nimalize sekondari nimepanda naye Fuso kwenda Kigali mara kadhaa, kwa hiyo leo nawaelezea ninavyoelewa mimi.

Kwanza tuelewane jina. Nasema vile viazi mviringo, ambavyo Wanyarwanda wanaviita ibirayi, Waganda wanasema Irish, Wakenya wengi waru. Kinachotafutwa sana ni Kinigi, chenye ganda jekundu. Kimepewa jina la sehemu ya Musanze chini ya volkano, palepale watalii wanapopita kwenda kuona gorila. (Kibali cha kuona gorila kwa mtalii wa nje kimekuwa dola 1,500 tangu 2017. Baba mdogo aliwahi kuanza kupiga hesabu hiyo ni magunia mangapi, akaacha njiani.) Wakaanga chipsi, kule zinaitwa ifiriti, wanakipenda Kinigi kwa sababu ni kikavu kuliko vingine, hakinywi mafuta ovyo.

Lakini kikavu kiasi gani? Kiazi ni maji jamani. Karibu asilimia 80 ya uzito wake. Ukipakia Fuso tani 5, kama tani 4 hapo unasafirisha maji. Hapo ndo kwenye siri yote.

Angalia kahawa na chai. Ni vikavu, vyepesi kwa thamani yake, unaweza kuvipeleka hadi Mombasa au Dar es Salaam vikapanda meli na bado faida ipo. Kutoka Kigali hadi Dar ni kama kilomita 1,500. Nani atalipia nauli ya maji umbali huo? Hakuna. Nchi isiyo na bahari inakula viazi vyake yenyewe, au inauzia majirani wa mpakani, basi. Na mpaka una mambo yake. Februari 2019 Gatuna ya upande wa Uganda ikafungwa, malori hayakupita kawaida mpaka ulipofunguliwa tena 31 Januari 2022. Machi 2020 ikaja korona, wale akina mama wa Gisenyi waliozoea kuvuka Petite Barrière na mzigo kichwani kwenda Goma wakabaki nyumbani. Januari 2024 Burundi nayo ikafunga mpaka wake na Rwanda. Kila mlango ukifungwa, mzigo uliokuwa utoke unarudi kugombania soko lilelile la ndani, bei inashuka siku hiyohiyo.

Sasa geuza upande wa pili. Mbolea ya NPK na dawa ya ukungu vinatoka baharini. Ule ukungu unaokausha majani ukiingia msimu wa mvua, shamba zima linaweza kwisha ndani ya wiki moja mbili, kwa hiyo watu wanapiga dawa karibu kila wiki. Yaani mkulima anauza kwa bei ya kijijini na ananunua kwa bei ya bandarini ukiongeza nauli. Halafu kuna mbegu! Mahindi unapanda kwa kilo, viazi unapanda kwa tani: hekta moja inameza kama tani 2 za mbegu. Ndo maana wengi wanarudishia viazi vyao wenyewe shambani, na ugonjwa wa mnyauko unarudi navyo.

Tuje kwenye bei yenyewe. Mavuno yanamwagika kwa pamoja, hasa kuanzia Januari na tena Juni na Julai. Kiazi kilichochimbwa hakisubiri: ukikiweka kwenye mwanga kinageuka kijani na kuwa kichungu (na hicho usile, kina sumu), ukikirundika kwenye joto kinaoza au kuchipua. Unaweza kukiacha ardhini wiki chache, ila mashamba yetu ni madogo, msimu mwingine unataka nafasi, na wezi nao wana macho. Mnunuzi anayajua yote hayo. Anakuja asubuhi na bei moja, mkishachimba jioni anakwambia Kigali imeshuka. Utafanya nini, uvirudishe ardhini?

Hao madalali kule wanaitwa abamamyi. Miaka ya 2010 serikali ilileta vituo vya kukusanyia viazi kupitia vyama vya ushirika, bei ikawa inapangwa, lengo likiwa kuwapunguza. Kwa maoni yangu kituo kilisaidia kwenye mizani, maana wale wa Njombe na Mbeya mnaojua lumbesa mnaelewa maana ya kupimiwa kwa kilo. Ila bei ya kwenye karatasi haimzuii mtu mwenye deni la mbolea kuuza usiku kwa hela taslimu.

Ukitoka hapo kuna kijana wa kubeba kutoka shambani hadi barabarani, Fuso, mafuta, akina karani-ngufu wa kushusha Nyabugogo, muuza jumla, halafu mama wa Kimironko ambaye analipia meza na anatupa vilivyooza. Nikiwahesabu hivyo simwoni tajiri mkubwa kati yao. Anayepata zaidi ni yule anayeweza kusubiri siku kumi.

Kwa hiyo mimi ningeanza na stoo. Sizungumzii majokofu ya mamilioni. Kinigi ni juu sana, zaidi ya mita 2,000, usiku baridi kweli. Chumba cha giza chenye hewa, viazi havijalowa wala kuchubuka, vinakaa wiki kadhaa. Msimu huu baba mdogo na majirani wawili wamejaribu kimoja, cha matofali, sakafu ya mbao. Nusu ya mavuno aliuza siku ya kuchimba ili alipe mbolea. Nusu bado ipo ndani.

Jumamosi anataka kuita Fuso. Mwenye bei ya leo ya Nyabugogo aiandike hapo chini kwenye maoni, nimpigie simu kabla dalali hajamwambia yake.