Je, Wajua? Mlango wa Marekani na Majaji Wasiopenda Kuugusa

Je, wajua kwamba hati yako ya safari inaweza kufa ukiwa katikati ya bahari? Chae Chan Ping, kibarua wa Kichina aliyeishi San Francisco miaka 12, alipanda meli Hong Kong tarehe 7 Septemba 1888 akiwa na hati halali ya kurudi Marekani. Tarehe 1 Oktoba sheria mpya ikafuta hati zote za aina hiyo, kama 20,000 hivi. Yeye akafika tarehe 8. Wiki moja tu, ndugu yangu! Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba kumfungia mgeni mlango ni shauri la Bunge na serikali, si la majaji.

Ngoja, bado. Sheria ya 1892 ilimtaka kibarua Mchina awe na cheti cha ukaazi, na akikutwa hana, alete shahidi mzungu. Ndiyo, mzungu, imeandikwa hivyo hivyo! Mmoja wa waliokwenda mahakamani alikuwa na watu wa kumshuhudia, ila walikuwa Wachina wenzake. Majaji 5 dhidi ya 3 wakaona sawa tu.

Sasa sogea karibu, maana hii ni kiboko. Wajua kwamba mtu anaweza kulala na kuamka ndani ya Marekani, na kisheria akahesabiwa hajaingia? Ignatz Mezei aliishi Buffalo miaka 25. Mwaka 1948 akaondoka kwenda Romania kumwona mama yake mgonjwa, akakataliwa kuingia, akakwama Hungary miezi 19. Aliporudi mwaka 1950, na viza mkononi, akazuiwa kisiwa cha Ellis, mahali ambapo Sanamu ya Uhuru inaonekana kwa macho. Sababu? Siri ya usalama. Hata majaji hawakuambiwa! Akapakiwa melini kwenda Ufaransa, ikamkataa. Uingereza nayo ikamkataa. Akaziomba nchi kama 12 za Amerika ya Kusini na ya Kati, zote zikagoma. Mwaka 1953 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema serikali haina kosa, maana kisheria Mezei hakuwa ameingia. Robert Jackson, yuleyule aliyewashtaki vigogo wa Hitler kule Nuremberg, alikuwa miongoni mwa wanne waliopinga. Mezei alitoka mwaka 1954, kwa hiari ya serikali yenyewe.

Na unajua kifungu kimoja cha sheria ya mwaka 1952 kinamruhusu rais kuzuia kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kuna madhara? Kwa muda wowote anaotaka! Ndicho alichokitumia Trump kufungia nchi 7, Somalia ikiwemo, na mwaka 2018 majaji wakamwachia, 5 kwa 4. Mwaka 2020 zamu ikawa ya Tanzania: Watanzania wakafungiwa ile bahati nasibu ya viza mpaka Biden alipoifungulia Januari 2021.

Usidhani majaji husinzia siku zote. Mwaka 2001 walisema mgeni aliyekwisha kuingia, akaamriwa kufukuzwa lakini hana nchi ya kumpokea, asiozee kizuizini: baada ya miezi 6 serikali ijieleze.

Ya mwisho ni ya nyumbani. Jagdish Chadha, mzaliwa wa Kenya, alikwenda Marekani kusoma mwaka 1966, na viza yake ikaisha. Jaji wa uhamiaji akamruhusu abaki. Mwaka 1975 Baraza la Wawakilishi likapitia orodha ya watu 340 walioruhusiwa, likakata majina 6, la Chadha likiwemo, bila mjadala. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikalizuia Baraza, 7 kwa 2, na vifungu vya kulipa Bunge nguvu ya namna hiyo katika sheria karibu 200 vikayumba! Cha kuchekesha ni kwamba idara ya uhamiaji yenyewe ilikubaliana na Chadha, maana Bunge likinyimwa nguvu hiyo, serikali ndiyo inayonenepa. Ukikutana na mtu aliyesomea sheria Marekani, mtajie Chadha, kisha mwambie kwao ni Kenya.