Kivinjari kilichopangwa vyema ni kinga ya mtaji

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wengi siku hizi hutazama bei za hisa, hulipa kodi na kuhamisha fedha kupitia kivinjari cha intaneti, kama vile Chrome, Firefox, Edge au Safari. Wachache kati yao hufungua ukurasa wa mipangilio, ingawa ndiko uliko ufunguo wa usalama wa fedha hizo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kivinjari kinajisasisha chenyewe, kwani toleo la zamani hubaki na mianya ambayo wezi wanaijua. Internet Explorer, iliyozoeleka maofisini, ilistaafishwa na Microsoft Juni 15, 2022 na haifai tena kwa miamala.

Pili ni kuwasha kipengele cha kutumia HTTPS pekee. Hapo nywila husafiri ikiwa imefumbwa, na anayenasa mawasiliano katika mtandao wa hoteli au mgahawa hawezi kuisoma. Hata hivyo, alama ya kufuli si cheti cha uaminifu, kwani matapeli nao huipata kwa tovuti bandia za benki. Mwaka 2023 Google iliiondoa kwenye Chrome, ikieleza kuwa watumiaji wengi waliielewa vibaya. La kukagua ni anwani yenyewe, herufi kwa herufi.

Tatu ni nywila. Katika kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa, kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila, jibu ni hapana. Dirisha la faragha ni bora zaidi, kwa kuwa likifungwa halibakizi historia wala vidakuzi, yaani faili ndogo za kumtambua mtumiaji. Vidakuzi vya makampuni ya nje ya tovuti husika huzuiwa na Safari tangu 2020. Katika Chrome, mtumiaji huvizuia mwenyewe.

Kwa upande wa kasi, viendelezi visivyotumika viondolewe. Huelemea kumbukumbu ya kompyuta, na chenye ruhusa ya kusoma kurasa zote kinaweza kuona hata salio la benki. Video zinazojicheza zenyewe nazo zizimwe ili kifurushi kidumu.

Mipangilio hiyo yote haimsaidii anayebonyeza kiungo cha ujumbe asioujua kisha akajaza nywila yake. Anwani ya benki au ya dalali wa hisa ihifadhiwe kwenye alamisho, na ifunguliwe kutoka hapo tu.