Shingo imekaza: uchovu wa kukaa, au jambo la kukimbilia hospitali?

Mwaka jana wakati naandika tasnifu, mimi na mwenzangu wa chumba pale hosteli tulilalamika kwa maneno yaleyale: "Shingo imekaza." Ya kwangu ilikuwa na wiki tatu, na sababu ilikuwa mbele ya macho yangu: kompyuta. Ya kwake ilikuja ndani ya siku moja, pamoja na homa na kichwa kuuma sana. Tukamwambia, "Mitihani hiyo, kaka. Meza Panadol ulale." Kesho yake jioni alikuwa hataki taa iwashwe, na maneno yake hayaeleweki. Tukambeba hadi hospitali. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini sikio lake moja mpaka leo halisikii vizuri.

Malalamiko ni yaleyale, magonjwa ni mawili tofauti kabisa. Tuone namna ya kuyatenganisha.

Kwa nini shingo hukaza

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5 hivi, karibu sawa na dumu la lita 5 lililojaa maji. Mzigo huo unabebwa na pingili 7 za shingo (twiga naye anazo 7, ila zake ni ndefu) pamoja na misuli inayozizunguka. Msuli mmoja mpana unaanzia nyuma ya fuvu, unatanda hadi mabegani na kushuka katikati ya mgongo. Ndio ule ambao mtu akikuminya kati ya shingo na bega unaruka.

Kichwa kikikaa sawa juu ya pingili, misuli inafanya kazi kidogo. Ukiinama, inabidi ivute ili kichwa kisianguke mbele. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa mgongo wa Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa modeli ya kompyuta akapata kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, kama tunavyochungulia simu, mzigo kwenye shingo unafika kilo 27 hivi. Namba hiyo imesambaa sana, ila tuielewe vizuri: ni hesabu ya modeli, haikupima maumivu ya mtu. Wapo wengi wanaoinama kila siku na hawaumwi.

Mara nyingi kinachochosha ni kubaki katika mkao mmoja kwa muda mrefu. Muulize fundi cherehani au msusi. Msuli ulioshikiliwa saa nzima, hata kwa nguvu ndogo, huchoka na kuanza kuuma. Ongeza wasiwasi na kukosa usingizi, maana mtu mwenye mawazo hupandisha mabega bila kujua, na mwili uliochoka huhisi maumivu zaidi.

Cha kufanya nyumbani

Kukaza kwa aina hii mara nyingi hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Usiifungie shingo kama kitu kilichovunjika. Itembeze taratibu: kulia, kushoto, juu, chini, bila kulazimisha. Kila baada ya nusu saa simama, zungusha mabega. Inua simu badala ya kuinamisha kichwa. Kitambaa cha moto husaidia. Parasetamoli inaweza kutuliza. Ibuprofeni na diklofenaki ni dawa nzuri kwa baadhi yetu, ila kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha, pumu au ujauzito, muulize kwanza mfamasia.

Na kinyozi je? Masaji ya mabega baada ya kunyoa sina ugomvi nayo. Ila akishika kichwa na kukizungusha ghafla mpaka shingo ilie "ka!", mwambie hapana. Ule mlio hauna maana kwamba mfupa umerudi mahali pake. Unatokana na gesi iliyomo kwenye ute wa viungo. Ndani ya vitundu vya pingili za shingo inapita mishipa miwili ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ni mara chache sana, lakini mshipa huo ukichanika mtu anaweza kupata kiharusi.

Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku

- Shingo imekaza na una homa, kichwa kinauma sana, mwanga unakukera, unatapika, unachanganyikiwa au una vipele. Kushindwa kugusisha kidevu kifuani ni dalili mbaya, lakini ukiweza usijipe uhakika kwamba uko salama. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze kabisa. Na usiseme tu "ni malaria" ukabaki nyumbani.
- Maumivu ya shingo, bega au taya yanakuja na kifua kubana, jasho jembamba au kukosa pumzi. Huenda ni moyo.
- Maumivu makali ya ghafla pamoja na kizunguzungu, kuona mbili, uso kupinda au ulimi kuwa mzito.
- Umeanguka au umepata ajali ya bodaboda. Majeruhi asigeuzwegeuzwe shingo.
- Mikono au miguu imeishiwa nguvu, unashindwa kufunga vifungo vya shati, unayumba ukitembea, au mkojo unatoka bila kujijua. Huenda uti wa mgongo unabanwa.

Muone daktari ndani ya siku chache

- Maumivu yanashuka mkononi, na ganzi au kuchomachoma kama sindano. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa, na wengi hupata nafuu bila upasuaji.
- Maumivu yanakuamsha usiku, unapungua uzito, unatoka jasho usiku, au umewahi kuugua saratani au kifua kikuu. Kifua kikuu hushambulia hata mifupa ya mgongo.
- Wiki nne zimepita na hakuna nafuu.

Sasa nirudi chumbani kwetu. Siku ile hatukukosa huruma, na dawa tulimpa. Tulichokosa ni kuuliza. Mtu akikuambia shingo imekaza, kabla hujamshauri lolote, muulize: "Na nini kingine?" Akijibu, "Hakuna, nimekaa sana tu," mwambie asimame, atembee. Akitaja homa, usingoje kesho.