Skjåk, Bonde Lenye Mvua Haba

Leo twapenda kuzungumza habari za bonde moja la nchi ya Norwei, kaskazini ya Ulaya, nalo laitwa Skjåk. Mwanafunzi mwenye ramani na autafute kwanza mji wa Bergen katika pwani ya magharibi, kisha apeleke kidole upande wa kaskazini na mashariki mpaka avuke safu ya milima. Huko atauona mto Otta ukishuka kuelekea mashariki. Skjåk iko katika sehemu ya juu ya mto huo, ndani ya mkoa wa Innlandet.

Skjåk ni wilaya yenye baraza lake yenyewe. Wanorwei huiita wilaya ya namna hii kommune. Eneo lake lapata maili za mraba 800, na wenyeji wake ni watu 2,200 hivi. Kama tungewagawa sawasawa juu ya nchi yao, wasingefika watu 3 katika kila maili ya mraba. Lakini hawakukaa hivyo. Karibu wote wamejenga chini bondeni, kandokando ya mto, penye ukanda mwembamba wa mashamba. Na mahali penye nyumba nyingi ni Bismo, zilipo ofisi za baraza na maduka. Ukipanda kutoka hapo utaingia katika misitu ya misonobari, na juu ya misitu hakuna ila mawe, theluji, na barafu isiyoisha mwaka mzima. Viko vilele vinavyopita futi 6,000.

Huenda mtu akauliza: Watu wachache hivi wamewezaje kudumu mahali pagumu hivi kwa mamia ya miaka? Jibu lake limo katika mambo mawili, nayo ni maji na msitu, na jinsi watu walivyokubaliana kuvitumia.

Tuanze na maji. Watu wengi wakisikia habari za Ulaya ya kaskazini hudhani kuwa kila mahali ni mvua na ukungu. Skjåk sivyo. Katika hesabu za miaka ya 1961 hadi 1990, mvua ya mwaka mzima pamoja na theluji iliyoyeyushwa na kupimwa ilikuwa kadiri ya inchi 11 tu. Katika miaka hiyo hiyo Bergen ilipata inchi 88, yaani mara nane. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Upepo utokao katika bahari ya magharibi huja umebeba unyevu mwingi. Ufikapo kwenye milima hulazimika kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuuchukua unyevu wote. Basi huumwaga kama mvua na theluji upande wa bahari. Ukiisha kuvuka, hushuka bondeni ukiwa mkavu. Kwa hiyo Skjåk imekaa nyuma ya milima kama mtu aliyekaa nyuma ya ukuta, na mvua yote imebaki upande wa pili.

Lakini milima iliyowanyima mvua ndiyo iliyowawekea akiba. Theluji inayoanguka juu wakati wa baridi hukaa huko miezi mingi, kisha jua la Mei na Juni huiyeyusha, na vijito hujaa wakati ule ule shayiri na nyasi zinapoona kiu. Wazee wa Skjåk hawakuyaacha maji hayo yapite bure. Waliyakinga juu mlimani, wakayaleta mashambani kwa mifereji iliyochimbwa mbavuni mwa mlima. Na palipokuwa na genge au bonde dogo wakayavusha kwa magogo yaliyochongwa ndani kama mtumbwi. Yakifika shambani, mtu husimama kando ya mfereji akayachota kwa upawa mkubwa wa mti wenye mpini mrefu, akayatupa huku na huku juu ya mimea. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na wanawake na vijana waliifanya pia. Baadaye mabomba na mitambo ya kurusha maji vilichukua mahali pa upawa.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo afikiri. Kuchimba mfereji ni kazi ya mikono, lakini kuutumia mfereji ni kazi ya ahadi. Mfereji mmoja hupita mashamba mengi, na mwenye shamba la juu aweza kuyafunga maji yote yasimfikie jirani wa chini. Kwa hiyo palikuwa na zamu. Kila shamba lilikuwa na saa zake zinazojulikana, na kama zamu ilimwangukia mtu usiku, aliamka usiku. Aliyevunja zamu aliwakosea wote waliomfuata katika mfereji ule, wala si mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye msitu na malisho. Katikati ya wakati wa baridi katika bonde hili mchana hauzidi saa tano na kitu, na ardhi hufunikwa na theluji. Mifugo hukaa zizini miezi mingi ikila nyasi zilizokatwa na kukaushwa wakati wa joto. Basi ikiwa ng'ombe na mbuzi watakula nyasi za bondeni wakati wa joto, watakula nini wakati wa baridi? Ndiyo sababu watu waliwapeleka juu mlimani mwezi wa Juni, katika vibanda viitwavyo seter. Huko wanawake na wasichana walikamua, wakafanya siagi na jibini, na bondeni nyasi zikaachwa zikue zikatwe. Mlima, basi, ulikuwa nusu ya shamba. Ndiko ulikotoka pia mti wa kujengea, kuni za kuota, samaki wa maziwa, na kulungu wa nchi za baridi.

Lakini mlima huo haukuwa mali ya mkulima mmoja mmoja. Ulikuwa almenning, maana yake nchi ambayo watu wa mahali wana haki ya kuitumia kwa pamoja. Zamani zile Norwei ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Denmark, na wafalme waliposongwa na madeni ya vita waliuza ardhi na misitu mingi. Mtu wa mbali akiununua msitu, aweza kuukata na kuuza mbao; mkulima anayeishi chini yake hubaki hana kuni wala malisho. Mwaka 1798 wakulima wa Skjåk walifanya jambo kubwa: waliinunua milima na misitu yao, wakaifanya mali yao wote pamoja. Hawakuigawa vipande vipande. Hata leo sehemu kubwa sana ya wilaya ni mali ya Skjåk Almenning.

Twaona yafaa kueleza jinsi mali hiyo inavyotumika. Haki imefungwa na shamba, haikufungwa na mtu. Mtu hawezi kuiuza haki ya msitu akabaki na shamba, wala kuuza shamba akabaki na haki. Tena haki hiyo hupimwa kwa mahitaji ya shamba. Mkulima hupata mti wa kujengea zizi lake kwa kadiri zizi linavyohitaji. Wenye haki huchagua halmashauri ya kuangalia mali, na serikali ina sheria yake juu ya misitu ya namna hii, iliyotolewa mwaka 1992. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa leo huukuta msitu ungalipo.

Mazoea haya ya kushauriana yaliwasaidia hata katika utawala. Mwaka 1837 Norwei ilitoa sheria ya mabaraza ya kuchaguliwa katika wilaya, na mwaka 1866 Skjåk ilitengwa na jirani yake Lom ikawa na baraza lake. Mwaka 1894 ilifunguliwa barabara ya kuvuka mlima wa Strynefjell kwenda magharibi, iliyojengwa kwa mikono na kwa mawe, ingawa wakati wa baridi theluji iliifunga. Katika miaka ya 1970 yalichimbwa mapango ya barabara ndani ya mlima, na njia ikapitika karibu mwaka mzima.

Isidhaniwe kuwa taabu zimekwisha. Mwezi wa Oktoba 2018 hewa ya joto na mvua kubwa vilikuja pamoja vikayeyusha theluji ya mlimani kwa ghafula. Mto Otta ukafurika, ukaharibu nyumba, barabara na mashamba. Bonde lililozoea kuyahesabu maji kwa saa likajikuta linayakimbia. Tena vijana wengi huondoka kwenda mijini kwa masomo na kazi, na si wote wanaorudi. Hili ndilo shauri gumu kuliko mafuriko, kwa sababu mfereji ukiharibika hutengenezwa, bali nyumba isiyo na mtu haina wa kuitengeneza.

Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Skjåk hapana wengi. Lakini wachache hao walitunza zamu ya maji hata usiku, na mwaka 1798 walikataa kuigawa milima yao. Mali yenye kugawanywa huisha kwa vizazi vichache; mali yenye kanuni hurithiwa nzima. Nasi tukitaka kujua kama kijiji kitadumu, tusitazame tu mvua yake na udongo wake. Tuulize pia kama yule wa juu ya mfereji huamka usiku kumfungulia maji yule wa chini.