Je, Wajua? Projekta Haina Rangi Nyeusi

Hakuna projekta inayorusha weusi. Suti nyeusi ya bwana harusi unayoiona ukutani ni ukuta wenyewe, pale mwanga ulipozuiwa. Jicho hudanganywa na weupe wa shela ya bibi harusi pembeni. Ndiyo maana pazia hushinda kitufe chochote: lifunge, na suti iliyogeuka kijivu kwa mwanga wa dirishani itarudi kuwa nyeusi.

Ile hali ya mwanga mkali kupita zote, ambayo menyu nyingi huiita Dynamic, mara nyingi huegemea kijani. Taa ya zebaki hutoa kijani kwa wingi, na jicho la binadamu huona kijani kuwa ang'avu kuliko rangi nyingine. Chumba kinang'aa, lakini nyuso za watu zinakuwa kama za wagonjwa wa malaria! Kwa filamu, chagua Cinema. Weupe wa sinema za nyumbani hulengwa kwenye Kelvini 6500.

Projekta za DLP zenye chipu moja hurusha rangi moja moja kwa zamu, upesi mno kwa jicho kugundua. Pitisha vidole haraka mbele ya mwanga. Kingo zake zitavaa nyekundu, kijani na buluu.

Picha nzima imegeuka njano? Usiguse menyu kwanza. Kaza waya wa VGA. Pini ya buluu ikilegea, hubaki nyekundu na kijani, na mwanga wa rangi hizo mbili ukichanganyika huzaa njano.